Homa Haina Shemeji

Nyumba ya Mshona Makuti iliungua saa sita ya mchana, jua liko utosini, na kijiji kizima hakikuona. Ndivyo walivyowaambia polisi. Aliyekuwa shambani hakuona, aliyekuwa kisimani hakuona, na wale waliosimama pale pale uani moshi ukiwatoa machozi nao hawakuona. Mimi nilisema nimeona. Askari akautazama mkono wangu wa kushoto unaoning'inia, akautazama mdomo wangu ulioenda upande, kisha akamgeukia naibu wa chifu kumuuliza kama nina akili timamu. Naibu wa chifu akasema huyu aliugua nyagu utotoni. Basi, ushahidi wangu ukaishia hapo.

Nyagu ni ile homa inayomkakamaza mtoto mwili, macho yakageuka na povu likatoka. Waswahili wa mjini huiita degedege.

Makuti huwaka upesi. Yale yalikuwa ameyashona mwenyewe, kuti kwa kuti, na moto uliyala kama unayadai. Yeye alikuwa ameketi juu ya gogo, wajukuu wamemshika leso, na mkononi ana kuti alilokuwa akilishona walipomfikia. Hakulitupa. Paa lilipoporomokea ndani, alilivuta magotini akaendelea kulifunga. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Mwoneni, hata halii. Si mchawi huyo?"

Mshona Makuti alimjibu bila kugeuka. "Nikilia mtasema najuta. Nikicheka mtasema nafurahia. Basi nashona."

Nimeanza na moto kwa sababu watu wakimtaja siku hizi huanzia kwenye uchawi, kana kwamba kabla ya neno hilo hakuwa mtu. Alikuwa mtu. Nilimjua tangu nipate fahamu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini macho yangu sikuyaacha huko.

Kwetu ni ng'ambo ya mto Sabaki, unapoiacha lami kushika njia ya Marafa. Mto ukifurika wakati wa masika, maji hubaki kwenye mashimo na mashamba, na baada ya maji huja mbu, na baada ya mbu huja homa. Hilo halihitaji daktari. Linalohitaji daktari ni hili: watoto wawili walale mkeka mmoja, waumwe na mbu wale wale, mmoja azikwe na mwingine aamke akiomba uji.

Mimi na ndugu yangu Baraka tulilala mkeka mmoja. Tulinyonya ziwa moja. Homa ilitushika pamoja, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa dukani na yeye ndio kwanza anatembea vizuri. Baraka alikufa kabla mganga hajamaliza kumfukizia. Mimi nyagu ilinitupa chini siku ya mazishi yake. Wakubwa walikuwa wakibishana kama nifukiziwe na mganga yule yule au aitwe mwingine, ndipo Mshona Makuti alipoingia, akanitoa kwenye mkeka, akanifunga mgongoni kama mtoto wake na kutoka nami hadi barabarani. Mama aliniambia kwamba wazee walimpigia kelele arudi. Aliwajibu kuwa wao waendelee na kikao, mtoto watamkuta Malindi.

Nilirudi nusu. Mkono huu haukurudi, na mdomo ulirudi umepinda. Lakini nilirudi, na aliyenirudisha ni yeye. Hilo lishikeni, maana nitalihitaji mbele.

Hakuwa mtu mwema kwa namna ya watu wema wa kanisani. Alikuwa bahili wa chumvi. Ungeweza kumwomba kuku akakupa, lakini ukimwomba chumvi atakuuliza ya jana umeipeleka wapi. Alikuwa na kinywa. Mchungaji alipomtembelea kumhimiza aache kuwamwagia koma tembo la mnazi, koma ni wale wazee wetu waliokufa, alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia, "Mchungaji, wewe kila Jumapili wampa mtu wa kale divai. Mimi wangu huwapa tembo. Tofauti ni bei." Jumapili iliyofuata alikuwa kiti cha mbele, amevaa leso mpya, anaimba kuwashinda wanakwaya.

Ndivyo alivyokuwa, alivuta kamba zote mbili. Wajukuu wake aliwafunga uzi mweusi kifundoni kuwakinga na yule ndege ambaye wazee husema hupita juu ya nyumba akaleta nyagu. Wajukuu hao hao, mmoja akipiga chafya tu, aliwakimbiza zahanati. Nesi alimcheka kwa ule uzi. Akamwambia, "Sijui kinachowaponya ni uzi wangu au ni dawa yako. Ukishajua wewe, nijulishe nikate kimoja." Na chandarua alichopewa na serikali, mchana alifunikia vifaranga wasichukuliwe na mwewe, jioni akakikung'uta na kuwatundikia watoto. Yeye mwenyewe alilala nje ya chandarua. Alisema mbu wa pale wamemzoea.

Kazi yake sijaona mtu akiifanya kwa ukali ule. Aliketi amenyoosha miguu, ufito umelala mapajani, akalikunja jani la mnazi lililoloweshwa na kulifunga kwa kamba ya ukili, jani juu ya jani, mikono ikienda yenyewe huku mdomo ukimsema mtu. Kuti likimalizika alilinyanyua kulielekea jua na kulitazama. Akiona hata tundu la mwanga alilifumua lote. Mtu wa hoteli ya Watamu alipokuja na lori kuchukua makuti aliwahi kumwambia asijisumbue, wazungu hawatazami juu. Alimwambia wazungu hawatazami, mvua hutazama. Jua likipita, mvua itashindwaje?

Mimi alinipa kazi wakati hata ukoo wangu ulishaniona mzigo. Nilimwambia nina mkono mmoja. Akanitazama miguu. "Mguu nao ni mkono, ila umeshuka chini," akaniambia, na kunifundisha kuubana ufito kwa vidole vya mguu na kufunga kwa mkono wa kulia. Wiki nzima nilikuwa nikiangusha, na hakuniambia pole hata mara moja. Watu wakipita wakaniambia pole, aliwajibu yeye: "Pole hazizibi paa. Mwenye pole alete ukili."

Na alikuwa na msemo mmoja aliousema kila masika: homa haina shemeji. Maana yake haina mtu inayemwonea haya, haina nyumba ambayo itabisha hodi kwanza. Aliusema huku akiosha chandarua. Nafikiri aliusema pia kujikumbusha mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na jambo lake.

Homa iliingia kwake kama kwa wote. Watu hulisahau hilo, au hujisahaulisha. Wanawe, na baadaye wajukuu, walitetemeka, walitapika, walikataa kula. Lakini kesho yake uliwakuta wakikimbiza mbuzi. Hakuna aliyepata nyagu. Hakuna aliyezikwa kwa homa. Nesi mwenyewe alimpima mjukuu mmoja akatikisa kichwa, akasema damu imejaa wadudu na mtoto anacheza na mlango wa zahanati. Alishangaa tu, lakini mshangao wa nesi ulitoka zahanati ukafika kisimani, na kisimani ukabadilika ukawa kitu kingine. Wakaanza kusema kwa Mshona Makuti homa hupita kama mgeni wa chai, kwetu hulala. Wakasema kuna njia ya kuilipa homa isikuguse, na malipo yake ni mtoto wa mwenzio.

Miaka hiyo ndipo wale watu wa utafiti wa malaria walipokuwa wakizunguka kutoka Kilifi, kuomba damu ya watoto. Wengi waliwafungia milango. Waliitwa wanyonya damu. Aliyekuwa akija kwetu ni dada mmoja wa Mariakani, mtu wa heshima, akikufikia anakuamkia kwanza na hafungui mkoba mpaka akaribishwe. Mshona Makuti alimkaribisha, akamwacha aeleze yote, halafu akamwambia, "Hata kupe akishiba huanguka akakuacha. Nyinyi mwashiba, mwaka ujao mwarudi. Mimi nitawapa damu ya hawa wote. Lakini nataka jibu."

Dada akamuuliza jibu la nini.

"Kwa nini wangu hawafi."

Nilikuwapo, ufito mguuni. Yule dada hakucheka. Aliketi chini na kutueleza kwa Kiswahili chepesi, nami nitaeleza kama nilivyoshika. Mwilini mna askari wa kupigana na vidudu. Mtoto hurithi maagizo ya askari hao, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na maagizo hayo hutofautiana kidogo kidogo, hata kwa watoto wa tumbo moja, kila mmoja akapata mchanganyiko wake. Vinasaba, ndilo neno lake. Mtoto mwingine askari wake hukitambua kidudu cha malaria mapema, homa ikawa nyepesi. Mwingine wake huchelewa, wakaamka vidudu vimejaa. Na mwingine wake huja kwa hasira kupita kiasi, wakavunja nyumba waliyotumwa kuilinda.

"Kama polisi wetu," akasema Mshona Makuti.

Hapo dada alicheka. Kisha akaonya kwamba si hayo tu. Kuna umri, kuna chandarua, kuna lishe, na kuna kuwahi hospitali. Mwenye askari wazuri akicheleweshwa hufa, na mwenye askari dhaifu akiwahiwa hupona. Alisema huenda watoto wa nyumba hii wamerithi kitu cha namna hiyo. Huenda. Hakuapa.

Mimi niliutazama mkono wangu. Miaka yote nilidhani Baraka alikufa kwa sababu nilimnyang'anya kanga usiku ule, au kwa sababu mama alipita njia panda, au kwa sababu ya chochote walichosema watu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yawezekana ndugu yangu alipata upande mmoja wa baba na mama, nami nikapata mwingine, basi. Si laana. Ni mgao. Nilitamani mama angekuwa hai alisikie.

Mshona Makuti hakutaka kufarijiwa. Alitaka lisemwe hadharani. Alimwambia dada, "Maneno haya usinong'one kwangu. Mimi siogopi homa, naogopa kisima. Njoo uyaseme barazani, mbele ya naibu wa chifu na Kitsao niliyemlea, watu wasikie."

Dada alieleza, kwa taabu, kwamba majibu ya utafiti ni ya watoto wengi kwa pamoja, hawaruhusiwi kutaja nyumba ya mtu. Ila kusema kwa jumla inawezekana, na ataomba ruhusa kwa wakubwa wake.

"Mwajua kwa wengi," akasema Mshona Makuti, "na mimi nasingiziwa peke yangu."

Dada aliomba ruhusa. Najua aliomba, maana alirudi mara mbili kusema bado. Wakubwa walisema mkutano wa jamii utapangwa baada ya masika.

Sasa nimtaje Kitsao. Ni mtoto wa kakake marehemu mumewe Mshona Makuti. Baba yake alipokufa, Mshona Makuti ndiye aliyemlea, akamlisha kwenye sinia moja na wanawe, na Kitsao alimwita mayo, yaani mama, mpaka ndevu zikamwota. Mumewe alipofariki, bibi yule mzee alibaki kwenye shamba la minazi na mikorosho, kando ya njia. Na njia iliposemekana itatiwa lami, shamba lile likawa tamu ghafla. Kitsao akaanza kusema mjane hana ukoo pale. Wana wa mzee walikuwa mbali, mmoja Mombasa na mwingine sijui wapi. Mzee alimjibu Kitsao kwamba minazi ile ilimpa yeye mwenyewe maziwa ya tui alipokuwa hana meno, na haikumuuliza ukoo.

Masika yale mto ulipita kingo. Homa ikashuka kijijini kama ilivyoapa. Wajukuu wa Mshona Makuti wakashikwa, wakatapika, wakainuka. Mtoto wa kiume wa Kitsao akashikwa, hakuinuka. Nilikuwa uani mzee alipomwona yule mtoto amebebwa begani. Alimshika kiganja, akamfunua jicho, akasema, "Kitsao, huyu ameisha damu. Mpeleke hospitali saa hii. Usiende popote pengine."

Kitsao akamwambia asimtabirie mtoto.

Akampandisha bodaboda hadi kwa mganga wa kule juu. Njia ya kwa mganga hupita mlangoni pa zahanati. Yaani pikipiki ilipita hapo, mlango uko wazi, nesi yuko ndani, ikaendelea. Mtoto alifia uani kwa mganga akiwa anafukiziwa, kama Baraka.

Sikatai uchungu wa Kitsao. Nimezika ndugu, naujua. Lakini uchungu hauchomi nyumba. Mtu ndiye huchoma.

Kitsao akasema mzee ndiye aliyemroga mtoto wake, na ukoo wakampeleka kula kiraho. Kwa asiyejua, kiraho ni kiapo cha wazee wetu: mganga hukata papai, hulisemea maneno, mshitakiwa na mshitaki wakala wote. Mwenye hatia humkwama kooni au midomo ikavimba. Na kanuni yake ni moja, hata mtoto aijua: ukila ukameza, u safi, na aliyekusingizia anakulipa fidia na kukuomba radhi. Watu wamekubaliana hivyo tangu zamani ili ugomvi upate mwisho.

Tulikwenda kundi zima. Kabla papai halijakatwa, Kitsao alinijia, akaushika mkono wangu huu wa kushoto na kuunyanyua juu watu wauone. Akasema tazameni kazi yake, alianza zamani. Mkono uliopooza hauwezi kujivuta ukashuka. Nilibaki nimenyanyuliwa kama kuku wa kuuzwa. Nilipaza sauti nikisema yeye ndiye aliyenibeba, yeye ndiye aliyenipeleka Malindi. Mganga akasema huyo asiwekwe karibu, wamefungwa pamoja.

Mshona Makuti alilichukua papai. Alilitafuna taratibu, akilitazama kundi uso mmoja mmoja. Akameza. Akafungua kinywa waone. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe kingine," akamwambia mganga. "Hiki kilikuwa kidogo, wasije wakasema kilijipenyeza."

Akala cha pili. Akala na mbegu. Mdomo haukuvimba. Akasema sasa ni zamu ya Kitsao. Na hapo, mbele ya wazee wanaoijua kanuni kuliko mimi, mganga akatamka kwamba Kitsao amefiwa, mfiwa hali kiraho. Jambo hilo sijawahi kulisikia, na hata wao hawajawahi kulisikia. Halafu akatamka kwamba mwanamke huyu uchawi wake umekomaa, umelishinda papai.

Yaani kama lingemkwama ni mchawi. Halikumkwama, ni mchawi zaidi. Mzee alijifuta mdomo kwa leso akasema, "Basi mngenila mimi, papai mkaliacha." Tukarudi kwa miguu, mimi na yeye, wengine wametutangulia hawageuki.

Alikwenda kwa naibu wa chifu kuripoti vitisho. Nilimsindikiza. Naibu wa chifu alisema hayo ni mambo ya ukoo, wakayamalize nyumbani. Wakayamaliza nyumbani, kwa kiberiti, mchana, Kitsao akiwa mbele na chupa ya mafuta ya taa. Nimeandika jina lake hapa kwa sababu polisi hawakuliandika.

Mkutano wa utafiti ulikuja baada ya masika, kama walivyoahidi. Walitoa soda. Wakubwa wao walieleza kila kitu vizuri, askari wa mwilini, maagizo ya baba na mama, kwamba mtoto wa jirani akipona na wako asipone usimtafute mchawi, tafuta hospitali. Naibu wa chifu alipiga makofi. Kitsao alikuwapo, anakunywa soda. Yule dada wa Mariakani alisimama pembeni, macho chini. Nyumba ilikuwa bado yanuka moshi ukipita upepo. Niliinuka nikauliza, maneno haya yalikuwa wapi kabla ya masika? Mkubwa mmoja akanishukuru kwa swali zuri na kusema utafiti una taratibu zake.

Mwaka uliofuata Mshona Makuti hakuwapo kijijini. Alikuwa amechukuliwa na makao ya wazee waliokimbia kwao, huko nje ya Malindi, na wajukuu wamechukuliwa Mombasa. Mchawi ameondoka. Homa ilibaki. Mto ulijaa, mbu wakaja, watoto wakashikwa, na nyagu ikaingia kwa nani? Kwa Kitsao tena, kwa binti yake. Sasa alikuwa hana wa kumsingizia. Mkewe, ambaye alikuwa amelisikia lile somo la soda, alimbeba mtoto, na Kitsao mwenyewe akaita pikipiki. Safari hii ilisimama zahanati, na kutoka zahanati gari likamfikisha hospitali kubwa Malindi. Msichana akapona mzima, mikono yote miwili.

Habari hiyo nilimpelekea Mshona Makuti juzi juzi, nilipokwenda kumtazama. Nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha vile vile, ufito mapajani. Ameisha mwili, na macho yameingia ukungu. Wasimamizi wa makao waliniambia wamemsihi apumzike, akawauliza apumzike na nani. Nilimwamkia, shikamoo hawe, maana kwetu bibi ni hawe. Akaitikia, akalinyanyua kuti kulielekea jua, akanipa.

"Nitazamie. Jua lapita?"

Nilitazama. Lilikuwa likipita mahali padogo. Nikamwambia lapita kidogo.

"Lifumue," akasema.

Tukalifumua pamoja, nami nikamweleza habari za nyumbani. Nani amezaa, nani amekufa, kwamba mahali pake Kitsao ameinua nyumba ya mawe na bati. Hilo la bati lilimchekesha. Alisema bati halimtegemei mtu, ndilo zuri lake. Kisha nikamwambia kuhusu yule binti, kwamba alishikwa na nyagu.

Mikono yake ikasimama. "Alimpeleka wapi?"

"Zahanati, hawe. Halafu Malindi."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Aliuzungusha ukili kidoleni. "Kumbe njia aliijua," akasema.

Nikamwambia msichana amepona. Akasema vyema, mtoto hana kosa. Akaendelea kushona. Nilipotaka kuaga nilimuuliza anataka nimletee nini safari nyingine, nikidhani atasema sukari au tumbaku. Alisema hataki kitu cha kuletewa. "Hapa wananipa chakula, wananipa pole. Mimi sitaki kuhurumiwa, Kadzo. Nataka kurudi nikakae pale pale, kwenye minazi yangu, niwaamkie majirani kila asubuhi waitikie. Mtu aliyekula kiraho akameza hafukuzwi. Nani amefuta kanuni hiyo? Mniletee huyo."

Hilo ndilo aliloniagiza, na kwa kuwa siwezi kumbeba mgongoni kama alivyonibeba, nalibeba hivi.

Mganga wa kule juu, wewe uliyelisemea papai, tuambie mbele ya wazee ni nani alikufundisha kwamba mfiwa hali kiraho. Naibu wa chifu, tuambie nyumba ikichomwa mchana inakuwaje jambo la ukoo. Wakubwa wa utafiti, nawashukuru kwa somo, nililihitaji maisha yangu yote; sasa tuambieni lilikuwa na gharama gani kulisema masika moja mapema, mzee akiwa ameliomba kwa kinywa chake na dada yenu amewafikishia.

Na wewe Kitsao, uliyelishwa kwenye sinia lake. Baraza lijalo nitaketi mbele. Siku ile uliunyanyua mkono wangu bila kuniuliza, ukawaonyesha watu. Safari hii nitaunyanyua mwenyewe, kwa mkono mwenzake, niushikilie juu hapo hapo mbele yako, na hautashuka mpaka useme mafuta ya taa yalikuwa ya nani.